Shajara ya madeni: kuitoa kadi yangu ya mshahara mikononi mwa mkopeshaji

Septemba 2024, mshahara umeshaingia na umeshaisha

Naanza kuandika leo ili namba zote zikae sehemu moja. Mpaka sasa kila deni lina makazi yake, hili liko kwenye daftari la duka, lile liko kwenye simu, lingine kwenye kadi ya marejesho ya kikundi, na lile kubwa kuliko yote halina hata karatasi maana mwenye nalo amekaa na kadi yangu ya benki na namba ya siri anayo. Walimu wenzangu mnaijua hii habari vizuri, na sio walimu tu, manesi wapo, walinzi wapo, hata wastaafu wanaacha kadi ya pensheni. Siku mshahara ukiingia yeye ndo anakwenda kwenye mashine, anakata chake, af wewe unapigiwa simu uje kuchukua kilichobaki.

Tulifikaje hapa. Mwaka huu ziwa letu la Tanganyika, hapa Kigoma, lilifungwa watu wasivue kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, sisi na Burundi na Kongo na Zambia kwa pamoja, samaki wapate kuzaliana. Sina ugomvi na hilo na baba watoto mwenyewe anayeshinda mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anasema dagaa wa sasa sio wale aliowakuta alivyoanza kazi, wasipopumzishwa wajukuu wetu watakuta maji matupu. Lakini miezi mitatu kwa mtu anayekula alichouza siku hiyo ni mirefu jamani, na katikati ya miezi hiyo hiyo mtoto wetu wa kwanza akapangiwa kidato cha tano mkoa mwingine. Ada hakuna, ilishafutwa mpaka kidato cha sita, ila godoro, tranka, sare, nauli, michango na ile orodha ndefu ya vitu vya bwenini inabaki kwako. Hapo ndo ikatoka laki nne ya mtu wa kadi, mwezi wa sita.

Sasa namba.

Mtu wa kadi: 400,000, riba asilimia 20 kwa mwezi. Kila mshahara anakata 80,000 na hiyo ni riba tupu, laki nne iko palepale. Ameshakata Julai, Agosti na Septemba, yani 240,000 imekwenda na deni halijapungua hata shilingi.

Kikundi cha marejesho cha Jumatano: 24,000 kila wiki, zimebaki wiki 12, jumla 288,000.

Apu ya mkopo kwenye simu: 70,000 wanavyodai wao. Tuliomba 50,000, ikaingia 41,000 wakasema nyingine ni ada.

Deni la laini ya simu, lile la kuongezewa pale salio la kutuma hela lisipotosha: 35,000.

Duka la mtaani: 52,000.

Dada wa vitenge: 45,000.

Jumla 890,000. Mkopo wa benki siuhesabu humu kwa sasa kwa sababu unakatwa juu kwa juu kabla sijauona, una tarehe yake ya kuisha na riba yake inaeleweka. Baada ya makato yote, mfuko wa hifadhi, kodi, bima, chama na hiyo benki, kwenye akaunti inaingia 376,000. Toa 80,000 ya mtu wa kadi, toa 96,000 ya Jumatano nne, inabaki laki mbili, na sisi ndani ya nyumba tuko sita wakati huyu wa bweni akirudi. Nyumba ni yetu, iko Gungu, haijapigwa plasta lakini hatudaiwi kodi, na hilo namshukuru Mungu kila siku maana wenye hali kama yangu na bado wamepanga sijui wanapumuaje.

Septemba mwishoni

Nimekaa na baba watoto jana usiku watoto wakiwa wamelala, tukaweka karatasi mezani. Swali lilikuwa tuanze na lipi. Yeye alitaka tuanze na madogo, duka na vitenge, kwa sababu anapita pale dukani kila siku na anaona aibu. Namwelewa kabisa. Ila mimi nilimwonyesha hesabu, nikamwambia baba, mwenye duka hatuongezei hata mia, tukikaa nae miezi mitatu bado ni 52,000, wakati huyu wa kadi kila mwezi anachukua hela inayolipa deni lote la duka na chenji ikabaki. Deni linalozaa ndo la kuliwahi, lile linalokaa kimya linasubiri bora tu ukamwone mwenye nalo uongee nae macho kwa macho.

Lakini kabla ya hayo yote tumekubaliana kuanza na lile la laini, 35,000, na sababu yake sio riba. Mimi huwa nachambua dagaa wakavu na kuwafunga kwa kilo, nawatuma kwa basi kwa walimu wenzangu niliosoma nao chuo, wako Tabora na Dar. Wanalipa kwa simu. Sasa hela ikitua tu kwenye laini yenye deni inamezwa palepale, mteja ametuma 60,000 wewe unaona 25,000, na dagaa wa kumfungia inabidi ununue kwa hela ambayo huna. Kwaiyo laini ikiwa na deni biashara yote inasimama. Hilo kwanza.

Na tulipata bahati ya giza. Wasiojua kazi ya ziwa, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu na mitumbwi inalala nchi kavu. Wiki hizi za giza mwaloni kulichangamka, baba watoto akirudi asubuhi na kumi, mara kumi na mbili elfu, na kila jioni tulikuwa tunatoa kitu kidogo tunalipa laini. Imeisha. Nilifunga na ile huduma yenyewe ya kuongezewa ili isijirudie.

Oktoba, katikati, mbalamwezi

Wiki kavu hizi. Hakuna anayeleta kitu kutoka mwaloni, na Jumatano haijali mbalamwezi.

Niwaeleze hiyo Jumatano ilivyo kwa ambao hawajakaa kwenye hivi vikundi. Mnakutana kwa mwenyekiti saa nne, afisa mikopo anakuja na pikipiki, kila mtu anahesabu chake. Pungufu ya mmoja ni pungufu ya wote, na hatoki mtu mpaka hesabu itimie. Mimi nipo darasani muda huo kwaiyo nampa shemeji yangu anipelekee. Wiki hii mama mmoja anayeuza ndizi alikuwa na 11,000 tu, mtoto wake alilazwa Maweni, wakakaa mpaka saa nane mchana wakichangishana ya kumjazia, na shemeji akarudi kaacha nauli yake huko. Sisemi vikundi vyote ni vibaya. Nasema huu utaratibu unawafanya majirani waanze kuangaliana kwa jicho la afisa, na hilo linaniumiza kuliko hata zile 24,000.

Nyumbani tumebadilisha namna ya kununua na hapa ndo nimeona hela iliyokuwa inapotea bila mtu kuiona. Tulikuwa tunanunua vya kupima, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, sukari robo, sabuni kipande. Ukikaa ukajumlisha mwezi mzima, mkaa wa kopo unakula karibu mara moja na nusu ya bei ya gunia. Tatizo la gunia ni kwamba linataka hela yote kwa mkupuo. Tukaungana na jirani, gunia moja tukagawana, mawese tukaagiza dumu Mwandiga badala ya kuchukua ya chupa hapa gengeni, na unga tumerudi kwenye muhogo, mahindi tunachanganya kidogo kwa ajili ya mdogo. Kwa nyumba ya Kigoma ugali wa muhogo na dagaa wa mawese sio shida, ndo chakula chetu. Kilichouma watoto ni sukari kwenye chai ya jioni.

Michango ya harusi nimeiwekea kikomo, 10,000 kwa mwezi hata zikija kadi tatu, na nimewaambia watu wazi wazi kwamba mwaka huu naweza hiki. Msiba sijauwekea kikomo. Msiba ni msiba, kesho wanakuja kwangu.

Oktoba mwishoni, na hili nataka niliandike lote

Kikoba chetu tunakutana Jumamosi. Nina hisa 30 za elfu tano tano, yani 150,000, na kanuni yetu mwanachama anakopa mpaka mara tatu ya hisa zake. Riba ni asilimia 10 ya mkopo wote, unalipa ndani ya miezi minne, na hiyo riba yenyewe haiendi kwa mtu, tunaigawana wote tukivunja kikoba mwezi wa sita. Niliomba 400,000 tangu mwanzoni mwa mwezi ila kulikuwa na foleni, mwenzetu alikuwa na mgonjwa wa kupeleka rufaa akapewa yeye kwanza na ilikuwa haki yake. Kwaiyo mshahara wa Oktoba mtu wa kadi akakata tena 80,000. Jumla sasa 320,000 za riba kwa mkopo wa laki nne.

Jumamosi tarehe 26 zamu yangu ikafika. Mwenyekiti wetu ni bibi mmoja wa Ujiji, hana maneno mengi. Akauliza, "Mwalimu, hii inakwenda kufanya nini?" Nikawaambia ukweli mbele ya wote, inakwenda kutoa kadi yangu. Kukawa kimya kidogo, af mama mmoja wa pembeni akasema na mimi yangu iko hukohuko. Wadhamini wawili walinyanyua mikono kabla sijawaomba.

Hesabu niliyoipiga ni hii. Nikibaki na mtu wa kadi miezi minne mingine nalipa 320,000 na bado nadaiwa 400,000. Nikihamia kikoba miezi minne nalipa 440,000, yani 110,000 kwa mwezi, na nimemaliza. Ni 30,000 zaidi kila mwezi kuliko nilivyokuwa nakatwa lakini ina mwisho.

Jumatatu tukaenda, mimi, baba watoto na mtendaji wa mtaa nilimwomba atusindikize. Ofisi ya mtu wa kadi iko Mwanga, chumba kimoja, meza, feni, hakuna leseni ukutani. Nikasema nimekuja kumaliza. Akafungua droo ya meza kutafuta kadi yangu na pale nikaona kitu ambacho sitakisahau, kadi zimefungwa kwa mpira wa manati mafungu mafungu, kila kadi imezungushiwa kipande cha karatasi ya daftari, kimeandikwa jina kwa kalamu ya bluu na chini yake namba nne. Namba za siri za watu, wazi, kwenye droo isiyo na kitasa. Majina mawili ya juu nayafahamu, tunakutana kwenye vikao vya kata.

Akasema, "Mwalimu, leta laki nne na themanini, mwezi mpya umeshaingia." Nikamwambia kaka yangu, umechukua themanini Jumatano iliyopita, hata wiki haijaisha. Akasema huo ndo utaratibu. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia kwa upole tu kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayekopesha watu kama biashara awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yani wale wasiopokea akiba za watu, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki nne hiyo ni 14,000. Mimi nimelipa 80,000 mara nne na siji kudai irudi, nataka kadi yangu kwa laki nne niliyokopa. Mtendaji nae akamwambia mzee, pokea, muandikishiane yaishe. Alikaa muda mrefu akicheza na kalamu. Af akahesabu, akapokea.

Tukaandika karatasi mbili: amepokea 400,000, hadai tena, kadi imerudishwa, tarehe, sahihi za wote wanne. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwenye ATM nikabadilisha namba ya siri kabla hata ya kunywa maji. Msiache kufanya hivi siku hiyohiyo. Kadi mkononi wakati namba anayo mtu mwingine na haujui kaiandika wapi pengine, hapo bado haujatoka.

Mshahara huohuo wa Oktoba ulimalizia na ile apu, 30,000 ya mwisho baada ya 40,000 niliyolipa wakati wa giza. Nilikuwa nataka waache kusumbua watu. Walikuwa wanatuma meseji kwa majina yote yaliyomo kwenye simu ya baba watoto, mpaka mkuu wangu wa shule alipata moja inayosema fulani ni tapeli mwambie alipe. Kumbe ukiipakua tu unakuwa umeiruhusu isome namba zote ulizonazo. Tumelipa, tumeondoa ruhusa kwenye settingi, ndo tukaifuta.

Novemba 2024

Benki Kuu imetoa orodha ya majukwaa na apu 69 zinazokopesha kidijitali bila leseni, na hiyo yetu imo. Mwezi wa nane walikuwa wameshatoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kwenye simu, na sasa wametaja majina. Nimeichapisha orodha nimeibandika ofisi ya walimu karibu na ratiba. Kabla mtu hajabonyeza "omba mkopo" aangalie kwanza kama jina limo, na hata kama halimo aangalie upande wa pili, orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu.

Mwezi huu ndo wa kwanza nimechukua mshahara wangu mwenyewe. Nilitoa jioni, nikapita sokoni, nikarudi na mchele kilo mbili.

Lakini niseme ukweli kwa anayepanga kufanya kama mimi. Novemba imekuwa ngumu kuliko Septemba. 376,000 toa 110,000 ya kikoba toa 96,000 ya Jumatano inabaki 170,000, wakati nilipokuwa kwa mtu wa kadi ilikuwa inabaki laki mbili. Kutoka kwenye deni kunabana kuliko kukaa ndani yake, miezi ya kwanza, na nadhani wengi wanarudi hapohapo kwa sababu hakuna aliyewaambia. Unajinyima na haujaona matunda bado, na mtu anakupigia simu kwamba anaweza kukupa laki mbili leo jioni. Kilichotusaidia ni kwamba tarehe ya mwisho ya kila kitu ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi nyuma ya mlango wa jikoni, Jumatano ya mwisho tarehe 11 Desemba, kikoba mwisho wa Februari, na hata mtoto wa darasa la nne alikuwa anaijua.

Duka nimekwenda kuongea na mzee mwenyewe. Nikamwambia mzee wangu, 52,000 sina kwa mkupuo, ntakupa elfu kumi kila mshahara kuanzia huu wa Novemba, ila kuanzia leo ninachochukua hapa nalipa taslimu. Akasema mwalimu, wewe umekuja kuongea, wengine wanazunguka njia ya nyuma. Daftari letu akalipigia mstari, chini ya mstari huo hakijaandikwa kitu tena.

Desemba

Jumatano imeisha. Afisa mikopo alishamwambia shemeji kwamba kikundi kimefanya vizuri wanaweza kupata awamu ya pili na kubwa zaidi. Tumekataa, na wenzetu wanne wamekataa.

Mvua zimekaza, dagaa hawakauki. Ukiwaanika wakanyeshewa wanabadilika rangi na harufu na mteja wa Dar atakujua. Nimewaambia wateja wangu wasubiri, na hilo pengo limeuma.

Januari 2025

Mtoto wa pili kaanza kidato cha kwanza. Sare mbili, viatu, madaftari makubwa, begi, mchango wa chakula, na yule wa bweni nae arudi shuleni. Hii nilikuwa naijua tangu Septemba kwaiyo zile 24,000 za Jumatano zilizokoma tarehe 11 Desemba tuliendelea kuzitoa kila wiki kana kwamba afisa bado anakuja, tukampa shemeji azishike, tukafikisha 120,000 kufikia katikati ya Januari. Sketi ya kwanza ilishonwa na fundi wa mtaani, ya pili ilitoka kwa binti wa jirani aliyemaliza, ikapunguzwa kiunoni. Hatujakopa kwa ajili ya Januari. Kwangu hilo ni kubwa kuliko hata siku ya kadi, kwa sababu Januari ndo huwa inawapeleka walimu wengi kwenye zile droo.

Dada wa vitenge nilimkumbusha mwenyewe kabla hajanipigia. Anapanda boti kwenda upande wa pili wa ziwa kuchukua mzigo na ana wateja wake Kahama wanaomuuliza dagaa kila siku. Tukakubaliana badala ya 45,000 nimpe dagaa wakavu waliochambuliwa, wa thamani hiyo, jua likirudi.

Februari

Kikoba nimemaliza, 440,000 imetimia. Bibi mwenyekiti akaniuliza kama nataka mkopo mwingine maana nimelipa kwa wakati. Nikasema hapana bibi, safari hii naongeza hisa.

Siku mbili baadae nikapigiwa na benki. Kijana mstaarabu kabisa, mwalimu una sifa ya kufanya topapu, yani kuongezewa mkopo juu ya ule ambao haujaisha, tunaweza kukuingizia milioni moja na nusu wiki hii na makato yanapanda kidogo tu. Nilimuuliza maswali mawili, deni litaisha lini na jumla ntakuwa nimelipa shilingi ngapi. Kumbe lile linaloisha 2027 lingesogea mpaka 2031. Sheria inamlinda mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wa msingi, na mimi nina nafasi mpaka kwenye hiyo theluthi, hiyo ndo wanayoiita sifa. Yani sifa yenyewe ni kwamba bado nina nyama ya kukatwa. Nikamshukuru nikakata simu. Sisemi mkopo wa benki usichukuliwe, nyumba hii imejengwa kwa huo. Nasema mkopo usichukuliwe kwa sababu nafasi ipo.

Machi na Aprili

Mshahara mzima, 376,000, bila mtu yeyote kusimama mlangoni. Mwezi wa kwanza nilikuwa natafuta hela imekwenda wapi kwa sababu ilibaki.

Tumefungua kitu tunaita mfuko wa ziwa. Mwaka jana tulifungiwa miezi mitatu bila akiba, na hata ziwa likiwa wazi kuna mbalamwezi kila mwezi na kuna mvua. Kwaiyo baba watoto siku za giza anatoa elfu mbili kila siku aliyouza, haijalishi kauza ngapi, na mimi naweka 30,000 kwa mwezi. Haukai kwenye simu, maana kwenye simu ni rahisi mno kuutoa. Unakaa kwenye kikoba kama akiba ya pembeni na kuutoa kunahitaji sisi wote wawili tufike.

Vitenge imeisha katikati ya Aprili, dagaa walikauka siku mbili tu kwenye chanja, safi, wanang'aa, yule dada akaniongezea kitenge cha mdogo wangu bila kumdai.

Shemeji na wenzake wale wanne waliokataa awamu ya pili wanasajili kikundi waombe ile mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka jana. Wanataka chanja za waya na turubai za kukaushia wakati wa mvua. Mimi nawaandikia tu andiko, afisa maendeleo ya jamii wa kata ameshawapa fomu. Watu wanaogopa makaratasi yake wanakimbilia kwa mtu wa droo kwa sababu kule unapata ndani ya nusu saa, na ndo maana nimejitolea hizo jioni zangu.

Yule mama wa kikoba aliyesema yake iko hukohuko, ameitoa mwezi huu. Nilimsindikiza. Ile karatasi yangu ya makabidhiano tuliinakili neno kwa neno.

Mei 2025, mwanzoni

Mei Mosi Rais ametangaza akiwa Singida, kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai, ongezeko la asilimia 35.1. Ofisi ya walimu ilikuwa sherehe. Na kabla ya chai ya saa nne mazungumzo yakawa topapu, nani atapata ngapi, benki ipi inaharakisha. Julai haijafika. Nimewaomba wenzangu wawili ambao najua kadi zao ziko wapi, kwamba nyongeza ikija itoe kadi kwanza kabla haijafanya kitu kingine, na tumepanga kukaa Jumamosi baada ya kikoba tupige hesabu zao kwenye karatasi kama tulivyopiga ya kwangu.

Hali ya leo. Mtu wa kadi sifuri, Jumatano sifuri, apu sifuri, laini sifuri, vitenge sifuri. Duka nimelipa elfu kumi Novemba, Desemba, Machi na Aprili, Januari na Februari mzee alinisamehe nisubiri kwa sababu ya shule, limebaki 12,000 na mshahara huu linafutika. Mfuko wa ziwa una 130,000. Mkopo wa benki unaendelea, wiki ijayo nakwenda kuomba statimenti nione salio halisi, na kuuliza kama nikilipa zaidi kabla ya muda wananipunguzia riba au la, kwa maandishi.